Mastaa, Ngoma ya Dutwa Siyo Pambo la Video Zenu!

KAMA umepita Insta hivi karibuni na hujakutana na ile klipu ya Dutwa, basi bando lako liliisha mapema. Staa mmoja wa kike wa Bongo Fleva, jina linahifadhiwa, yuko katikati ya uwanja wa vumbi, raba nyeupe pee, miwani ya jua usoni, anakata mauno huku nyuma yake wanaume wakirusha majembe juu na kuyadaka. Sekunde 40 hivi. Chini ameandika maneno mawili tu: "Usukumani raha." Basi. Mioyo ikamiminika, timu yake ikashangilia, timu pinzani ikaanza kukagua nguo.

Ubishi wa kwenye komenti ulikuwa uleule wa kila siku. Nguo imebana, haijabana. Kaenda na nani, nani kalipa nauli. Mauno yale ni ya Kisukuma au ya Kinondoni. Ila katika komenti zote hizo hakuna aliyeuliza swali dogo kabisa: wale wanaume wenye majembe ni akina nani? Kikundi chao kinaitwaje? Walikuwa wanafanya nini pale kabla dada hajaingia?

Jibu lake ndilo linalouma. Walikuwa kwenye mashindano. Na dada, bila kujua, aliyavunja.

DUTWA NI WAPI NA PANACHEZWA NINI?

Kwa wale ambao ramani yao inaishia Kibaha: Dutwa ipo wilaya ya Bariadi, mkoa wa Simiyu, ule mkoa uliozaliwa mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka Shinyanga. Ukitoka Mwanza unafuata barabara ya Musoma mpaka Lamadi, karibu na geti la Ndabaka la kuingilia Serengeti, halafu unakata kulia kuelekea Bariadi. Dutwa unaikuta njiani kabla hujafika mjini. Siyo mwisho wa dunia. Kuna lami, kuna mtandao, kuna chipsi mayai.

Ni nchi ya pamba na ng'ombe. Wenyeji wengi ni Wasukuma. Mwaka mzima watu wanalima, wanapalilia, wanachunga, wanavuna. Ikifika mwezi wa sita, pamba imeanza kuuzwa, mtama uko ndani, mikono inapumua na mifuko inapata chochote. Hapo ndipo msimu wa mbina unapoanza, yaani ngoma kwa Kisukuma, na unaweza kwenda mpaka mvua zinapokaribia na watu kurudi shambani.

Sasa hapa ndipo vijana wengi wa mjini wanapotoka kapa. Wanadhani ngoma ya Kisukuma ni burudani ya kukaribisha wageni, kama ile ya hotelini, mtu anakula nyama choma huku wazee wanapiga ngoma pembeni. Hapana. Ngoma hii ina ushindani mkali kuliko hata hizo bifu za Bongo Fleva zinazotengenezwa ili wimbo utoke vizuri.

Wasukuma wana kambi mbili kubwa za ngoma: Bagika na Bagalu. Kambi hizo zilianza karne ya 19 na zinatajwa kwa wachezaji wawili mahasimu, Ngika na Gumha, kila mmoja akiwa na wafuasi wake, nyimbo zake na dawa zake. Wao wameshaondoka siku nyingi, uhasimu umebaki. Mtoto anaweza kukua akijua ukoo wao ni wa upande gani kabla hajajua meza ya hesabu. Njia rahisi ya kuelewa kwa kijana wa Dar ni kuwaza Simba na Yanga, ila bila refa.

Na hilo la bila refa ndilo la kushika. Vikundi viwili vinapokutana, vinacheza kwa wakati mmoja, kwenye uwanja mmoja, kila kimoja na duara lake. Hakuna majaji wanne waliokaa kwenye viti vya kuzunguka. Hakuna kupiga kura kwa meseji. Hakimu ni watu wenyewe, na kura yao ni miguu. Wakinogewa huku wanasogea huku, wakisikia kelele kule wanahamia kule. Duara linalojaa ndilo lililoshinda, na likibaki na wapiga ngoma wake na bibi wawili, kila mtu ameshaona matokeo.

Ndiyo maana vikundi vinajiandaa kweli. Kuna manju, ambaye Wasukuma humwita ningi, anayetunga nyimbo mpya za msimu. Anamsifia mtu, anamchapa mwingine kwa mafumbo, anaeleza bei ya pamba, anamsema kijana aliyekwenda mjini akasahau nyumbani. Kuna wa bugobogobo, ngoma ya majembe iliyotoka shambani, watu walipokuwa wakilima pamoja kwa mdundo ili kazi iende. Kuna Bayeye wanaocheza na nyoka, chatu kabisa, watu ambao jamii yao inajulikana pia kwa dawa za kutibu aliyeumwa na nyoka. Kuna Banunguli, wenye asili ya uwindaji wa nungunungu. Kuna wigashe, ambayo huimbwa watu wamekaa, sauti zikipangana mpaka nywele zinasimama. Kila mmoja anatafuta kitu kitakachovuta miguu ya watu: jembe linalorushwa juu zaidi, chatu mnene zaidi, kinyago cha kuchekesha, fumbo zito.

Sasa rudi kwenye klipu ukiwa na akili hiyo.

KILICHOTOKEA NJE YA FREMU

Kwa mujibu wa watu waliokuwepo, vikundi viwili vilikuwa vimeshaanza, vumbi limeshapanda, na watu walikuwa wakienda huku na kule kama kawaida. Ghafla gari mbili nyeusi zikaingia. Droni ikapaa. Dada akashuka na mpiga picha wake, meneja wake na vijana wawili wa kubeba mwavuli, akaambiwa na mwenyeji wake kwamba duara la majembe ndilo linalopendeza kwenye kamera. Akaingia.

Watoto walikimbia kwanza. Halafu vijana, simu juu. Halafu na wazee, maana mzee naye ni binadamu, anataka kujua kuna nini. Ndani ya dakika chache duara la pili lilikuwa tupu. Wale jamaa walikuwa wamejiandaa tangu kabla ya mavuno, manju wao alikuwa na nyimbo ambazo hakuna aliyewahi kuzisikia. Waliendelea kupiga kidogo, wakalegea, wakanyamaza.

Utasema basi wenye majembe walishinda. Walishinda nini? Watu waliojaa kwenye duara lao walikuwa wakimtazama dada. Mtu amerusha jembe, limezunguka hewani, amelidaka, na umati mzima umempa mgongo. Hata wao waliondoka pale bila kujua kama wangeshinda. Mashindano ambayo hakimu wake ni umati yalikosa hakimu, kwa sababu hakimu alikuwa anapiga selfi.

Malipo je? Kreti mbili za soda na noti chache zilizogawanywa kwa watu zaidi ya 20. Na isisahaulike kwamba sekunde za mwisho za klipu ile zilikuwa na tangazo la mafuta ya nywele. Kwa hiyo mkwanja ulikuwepo. Ulipita tu juu ya vichwa vyao, kama ile droni.

KWA WENZETU NIDHAMU, KWETU KIKI

Lingeweza kuitwa kosa la ugeni kama isingekuwa kitu kimoja. Dada huyuhuyu aliwahi kuposti safari yake ya Eswatini, ile nchi iliyokuwa ikiitwa Swaziland mpaka mwaka 2018. Alikwenda kuona Umhlanga, sherehe ya matete, ambapo wasichana kwa maelfu hukata matete na kuyapeleka kwenye makazi ya Mama Malkia, kati ya mwishoni mwa Agosti na Septemba. Nenda kaitazame posti ile. Amekaa alipoambiwa akae. Amevaa kama alivyoelekezwa. Maelezo chini ya picha ni aya tatu, ametaja jina la sherehe, ametaja kazi ya matete, ameshukuru wenyeji. Hakuingia katikati ya wasichana wale kukata mauno. Hata wazo hilo halikumjia.

Na siyo yeye peke yake. Siku hizi kwenda kusini mwa Afrika kutazama mila imekuwa fasheni ya mastaa wa Bongo, na ni fasheni nzuri kuliko nyingine nyingi. Mwigizaji mmoja wa kiume alikwenda Zambia kwenye Kuomboka ya Walozi, wakati mfalme wao, Litunga, anapohama kutoka Lealui kwenda Limulunga kwa sababu ya mafuriko ya mto Zambezi. Litunga anapanda chombo kikubwa chenye michirizi myeusi na myeupe kinachoitwa Nalikwanda, na juu yake pana sanamu la tembo. Tarehe haipangwi kwa kalenda ya watalii, maji ndiyo yanayoamua, na mwaka ambao maji hayatoshi sherehe haifanyiki. Jamaa alisubiri kutangazwa kwa siku, akavaa siziba kiunoni na lishushu nyekundu kichwani kama wanaume wa Kilozi, akasimama ukingoni na wengine. Safi kabisa. Kuna sherehe nyingine kule, kama Incwala ya Eswatini, ambapo hata kupiga picha kunataka ruhusa. Mastaa wanaelezwa na wanatii.

Kwa nini kule wanatii na Dutwa hawatii? Kule kuna mfalme, kuna walinzi, kuna kamati, kuna tiketi ya ndege ya dola ambayo mtu hataki iishie kwa kufukuzwa. Dutwa kuna manju mwenye shati lililochanika bega na wapiga ngoma wenye ndala. Mtu anaangalia mavazi ya wenyeji ndipo anaamua kiasi cha adabu atakayotumia. Heshima inayokuja kwa kuogopa askari haijawa heshima bado, ni woga uliopaka poda.

Na usidhani kwamba Usukumani hakuna utaratibu. Upo. Septemba 8, 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alipokwenda kwenye tamasha la utamaduni Kisesa, wilaya ya Magu, mkoani Mwanza, aliingia kwa taratibu za wenyeji, akasimikwa, akapewa jina la Hangaya. Ikiwa mkuu wa nchi anasubiri avishwe na apewe jina, msanii mwenye nyimbo mbili zinazosikika anaharakia wapi?

"LAKINI AMEWATANGAZA!"

Huu ndio utetezi mkubwa wa timu yake. Kwamba bila dada, nani angeijua Dutwa? Kwamba watu wa kule wanapaswa kushukuru.

Hoja hii ina nusu ya ukweli. Vikundi vya ngoma vinahitaji kujulikana, tena sana. Siku hizi havichezi kwa ajili ya sifa tu. Vinaitwa kwenye harusi, kwenye mikutano ya siasa, kwenye mapokezi ya Mwenge, kwenye maonyesho. Sherehe za Nane Nane kitaifa zilifanyika Nyakabindi, hapohapo Bariadi, mwaka 2018, 2019 na 2020, na watu wanaofika sehemu kama zile wanataka kuona ngoma. Kuitwa mara moja kunaweza kulipa ada ya shule ya mtoto wa mpiga ngoma. Kwa hiyo ndiyo, kutangazwa ni chakula.

Lakini ametangaza nani? Klipu haina jina la kikundi. Haina jina la manju. Haina namba ya simu. Haisemi hata kama ni Bagika au Bagalu. Mtu wa Mwanza aliyependa ile ngoma na anataka kuwaita kwenye harusi ya mwanawe anaanzia wapi? Ataandika "wale wa nyuma ya dada"? Ukimtangaza mtu bila jina umejitangaza wewe mwenyewe kwa kutumia mwili wake.

Linganisha na studio. Msanii akichukua mdundo wa prodyuza bila kumtaja, mjini panawaka moto, wanasheria wanaitwa, vipindi vya redio vinajaa. Manju wa Dutwa ametunga wimbo, umesikika kwenye tangazo la mafuta ya nywele, na hakuna anayeona tatizo, eti kwa sababu ni "asili". Asili haina maana kwamba haina mwenyewe. Hata Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazigusa sanaa za jadi, hasa pale zinapotumika kutafuta pesa nje ya mazingira yake ya kawaida. Kwa hiyo meneja wa dada asijifanye hajui. Kwenye mikataba ya dada anasoma mpaka nukta.

"NI USHIRIKINA TU ULE"

Upande mwingine kuna walokole wa mtandaoni na wajanja wa mjini waliosema afadhali ngoma yenyewe ingekatizwa kabisa, ni mambo ya dawa, nyoka na ushamba.

Dawa zipo, hakuna haja ya kuficha. Wachezaji wa Kisukuma wamekuwa wakitumia dawa za kuvuta watu tangu enzi za Ngika na Gumha, na wazee bado wanamsimulia Ng'wanamalundi, mcheza ngoma na mganga aliyesemekana kuukausha mti kwa kuunyooshea kidole. Amini, usiamini, hiyo ni kazi yako. Ila mtu anayetukana ngoma kwa sababu ya dawa, jioni yuleyule anakaa kwenye kibanda umiza kutazama mechi ya Ligi Kuu na anajua vizuri stori za mlangoni, za wachezaji kuruka ukuta na za mayai golini. Mbona haachi mpira?

Halafu wasiojua waelezwe: uhusiano wa ngoma hizi na kanisa ni wa karibu kuliko wanavyodhani. Tamasha maarufu la ngoma za Kisukuma, Bulabo, lenye jina linalotokana na maua, linaendana na sikukuu ya Wakatoliki ya Ekaristi, na aliyelianzisha ni padri, David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyekuwa Bujora, jirani na Kisesa. Padri yule aliwakuta Bagika na Bagalu wakishindana, hakuwaambia waache. Alikaa nao, akajifunza, akawapa siku na uwanja wao. Bujora mpaka leo kuna makumbusho ya Wasukuma, na kanisa lake limejengwa kwa alama za kitemi. Mgeni kutoka Kanada aliuliza kwanza, akajenga baadaye. Hapo ndipo tofauti yake na wenye droni ilipo.

Hadithi hiyo ya Bulabo inajibu na wale wanaosema mila zisiguswe kabisa. Mila zinaguswa kila siku. Kuna vikundi vinavyotumia spika, kuna manju wanaouza nyimbo kwenye fleshi, kuna vijana wanaocheza bugobogobo wamevaa jezi za Arsenal. Hakuna aliyekufa. Staa akitaka kuchanganya Bongo Fleva na bugobogobo, achanganye, inaweza kuwa moto kuliko hizo nyimbo zinazonakili Lagos. Suala ni kubisha hodi.

WENYEJI NAO WAJITAZAME

Itakuwa uonevu kumbebesha dada mzigo wote. Kuna mwenyeji aliyempokea, mtu wa pale pale, aliyemwahidi "eneo zuri la kushuti" bila kumuuliza manju hata mmoja. Kuna waliomtengea kiti cha mbele na kuwahamisha wazee wa ngoma. Na kuna vijana wa Dutwa wenyewe, waliozaliwa kwenye sauti ya zile ngoma, ambao simu zao siku ile zilijaa picha za dada na hazikuwa na picha hata moja ya baba zao wakirusha majembe.

Hawa vijana ndio wa kuzungumza nao kuliko dada. Dada ataondoka, ana shoo Kahama, ana shoo Dodoma. Wao watabaki. Wakikua wakiamini kwamba ngoma yao inakuwa na thamani pale tu mtu wa Dar anaposimama mbele yake, basi siku si nyingi hakutakuwa na wa kuipokea. Manju hafi na nyimbo zake kwa sababu ya kukosa droni. Anakufa nazo kwa sababu kijana aliyepaswa kuzishika alikuwa amempa mgongo.

Na kijana wa Dutwa ana silaha ambayo babu yake hakuwa nayo. Ana simu. Anaweza kufungua ukurasa wa kikundi, akaandika jina, kijiji, namba ya kupigia, akarekodi wimbo mzima badala ya sekunde 40, akamtaja manju aliyeutunga. Hahitaji ruhusa ya meneja yeyote mjini.

SASA MTU AENDEJE?

Isije ikaonekana ujumbe ni kwamba mastaa na watu wa mjini wasikanyage Dutwa. Waende! Waende hata kabla ya kukata tiketi ya Eswatini, maana nauli ya basi ni ndogo na mapokezi ni makubwa. Ila waende na adabu ileile wanayoipeleka kwa Litunga.

Ukifika asubuhi, sema "mwangaluka", utaona nyuso zinavyofunguka. Tafuta manju kabla ya kutafuta angle. Muulize kama leo ni mashindano au ni mchezo wa kawaida, na kama ni mashindano, kaa pembeni na umati, tembea na umati, piga kura kwa miguu yako kama wengine. Umaarufu wako uvae kofia mpaka mshindi ajulikane. Mashindano yakiisha, hapo sasa ingia, cheza, anguka, chekwa, piga picha mpaka betri iishe. Hakuna atakayekunyima.

Ukinogewa, tuza. Na kama video ni ya biashara, kaa chini mpatane mapema, kiasi gani, kwa nani, na jina la kikundi liandikwe wapi. Droni iulizwe kwanza, hasa pale penye chatu, kwa usalama wako mwenyewe. Na ukitaka kuacha jina Usukumani, toa zawadi ya mshindi. Ng'ombe mmoja aliyetolewa na staa kwa kikundi kilichoshinda kihalali ataimbwa na manju misimu mingi, tena bure, na hakuna tangazo linaloweza kununua hiyo.

Kwa hili lililotokea, bado halijaharibika moja kwa moja. Maelezo ya posti yanahaririwa. Ni dakika mbili kuandika jina la kikundi na namba ya kiongozi wao, na ni simu moja kwa wenye mafuta ya nywele kuuliza wacheza ngoma walitengewa nini. Lile duara la pili, lililobaki tupu, nalo lina deni lake: warudishiwe siku yao. Uwanja upo, nyimbo zao bado hazijasikika, na mvua hazijaanza.

Mdau, wewe unaonaje? Dada afute, ahariri, au arudi Dutwa na ng'ombe? Na watu wa Bariadi mliomo humu, vitajeni vikundi vyenu kwa majina, leo watu wasome.